Wanne Waliomchukua Mgonjwa
(Marko 2:1–12)



Katika Injili ya Marko twasoma habari za mtu aliyepooza, asiyeweza kumwendea Bwana kwa miguu yake. Watu wanne walimchukua, wakatoboa paa, wakamteremsha. Naye Bwana aliitazama imani ya hao waliomchukua.

Habari hii yatuhusu sisi tukaao Bujora na Kisesa. Wamo kati yetu watoto ambao kinga ya miili yao imedhoofika: wengine kwa virusi vya UKIMWI, wengine kwa saratani na dawa zake. Surua ikimpata mtoto wa namna hiyo, huenda vipele visionekane kabisa. Kisha, majuma au miezi ikiisha kupita, virusi vyaweza kuushambulia ubongo wake. Hushikwa na degedege, akili hufifia, tena wengi hufa. Wala haijapatikana dawa ya hakika ya kuviondoa humo.

Nasi twafanya nini? Wengine husema mtoto amerogwa, wakampeleka kwa mfumu. Wengine humnong'ona mama yake. Hata sisi wachungaji na walimu tumesimama makaburini tukanena juu ya mapenzi ya Mungu, wala hatukuuliza kama watoto wa mtaa wamechanjwa. Na tutubu. Mwenye degedege apelekwe hospitali siku ile ile, na mama yake asiachwe aende peke yake.

Chanjo ya surua hutolewa mtoto atimizapo miezi 9, na tena miezi 18. Tangu mwaka 2014 imeunganishwa na ya rubela. Lakini kwa kuwa ni virusi hai vilivyodhoofishwa, mtoto ambaye kinga yake imeshuka mno huambiwa na daktari angoje kwanza. Siku hizo za kungoja, ni nani amlindaye? Ni watoto wa jirani waliochanjwa. Wataalamu hutufundisha kwamba yapasa watoto kama 95 katika kila 100 wachanjwe, ili surua isipate njia ya kupita.

Basi, mzazi ampelekaye mtoto wake mwenye afya kuchanjwa ameshika pembe moja ya kitanda cha mtoto wa mwenziwe, hata kama hamjui. Walimu, ulizeni habari hii nyumba kwa nyumba. Asikose mgonjwa wetu hata mmoja watu wanne wa kumchukua.

Bwana atutie nguvu. Amina.