Je, ni Haki Kumwambia Mwanafunzi Asubiri?

Wahenga walinena kwamba subira yavuta heri, nasi walimu wa Kiswahili twaifundisha methali hiyo tangu madarasa ya chini. Twaiandika ubaoni, twaieleza, twawataka wanafunzi waitungie kisa, kisha twaingia katika methali nyingine. Ni nadra kusimama na kujiuliza kama methali hiyo ina uzito ule ule kwa kila anayeambiwa, na kama yule anayeisema hana deni lolote kwa yule anayeisikia. Katika makala haya tunakusudia kulichungua swali hilo. Tutalichungua kwa kuutazama mguu wa mtoto anayejifunza kucheza, kwa sababu ndiko swali lenyewe lilikotuanzia.

Sisi tunafundisha katika sehemu za Endiinzi, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania na jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, na Wanyarwanda walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Katika mchanganyiko huo Kiswahili kimekuwa lugha ya kuwakutanisha wengi, sokoni, bombani na darasani.

Katika darasa letu moja alikuwamo msichana wa miaka kumi hivi, mzaliwa wa Kongo, mwepesi wa kucheza kuliko wenzake wote. Siku moja aliona katika simu ya jirani wasichana wa nchi za mbali wakicheza baleti, wamesimama juu ya ncha za vidole vya miguu kana kwamba hawana uzito. Kesho yake asubuhi tulimkuta nje ya darasa amejaza matambara ndani ya raba zake, ameshika ukuta, anajaribu kusimama vivyo hivyo huku machozi ya maumivu yakimlengalenga. Tulimzuia. Akauliza, "Mwalimu, nitaweza lini?" Tukamjibu kwa neno lililokuwa karibu zaidi na ulimi: "Subiri." Naye akasema kwa sauti ya chini, bila ya utovu wa adabu, "Mwalimu, huku kila mtu ananiambia ningoje."

Hatukuwa na jibu. Kwa muda wa siku kadha neno hilo lilitukaa moyoni, na ndilo lililotufanya tutafute habari za mchezo ambao hatukuwa tukiujua.

Baleti ni sanaa ya jukwaani iliyolelewa katika majumba ya watawala wa Italia na Ufaransa. Kusimama juu ya ncha za vidole hakukuwamo tangu mwanzo. Aliyekupa heshima ni Marie Taglioni, hasa alipocheza mjini Paris mwaka 1832 katika mchezo uitwao La Sylphide. Jambo la kuzingatia ni kwamba viatu vyake vilikuwa laini, vimeimarishwa kwa kushonwashonwa uzi tu. Viatu vigumu vya ncha, vyenye kichwa cha vitambaa na karatasi vilivyogandishwa kwa gundi, vilikuja baadaye. Taglioni alinyanyuliwa na nguvu za mguu, na nguvu hizo zilitokana na mazoezi ya saa nyingi kila siku chini ya baba yake, Filippo, aliyekuwa mwalimu mkali. Basi hata katika chanzo chake, mguu ulitangulia na kiatu kikafuata.

Tulijifunza pia kwa nini mtoto hazuiwi bure. Mifupa ya mguu wa mtoto haijakamilika. Sehemu zake nyingi bado ni gegedu, nayo hugeuka mfupa kidogo kidogo mpaka katikati ya miaka ya ujana. Anayesimama juu ya ncha huutwika uzito wa mwili mzima juu ya eneo dogo mno la vidole. Ikiwa kifundo kinayumba, au kiuno na mgongo havina nguvu ya kuushika mwili wima, uzito huo huanguka mahali pasipostahili, na mtoto aweza kupata madhara yatakayomfuata ukubwani. Wataalamu wa tiba ya wachezaji walitoa mwongozo mwaka 2009, wakashauri kwamba mtoto asianze kabla ya kutimiza miaka 12. Tena hawakutosheka na umri. Walitaka mwalimu atazame umbo la mguu, nguvu za kiwiliwili, na idadi ya masomo. Anayejifunza mara mbili kwa juma, na asiye na kasoro nyingine, walimpangia kuanza katika mwaka wa nne wa mafunzo. Anayejifunza mara moja tu kwa juma, walishauri asitiwe moyo kuanza kabisa.

Na viatu navyo vina masharti yake. Viatu vya shule mzazi huvinunua vikubwa kidogo ili mtoto avikulie, lakini kiatu cha ncha chapaswa kuushika mguu barabara, pasipo nafasi ya kukua. Kikishavaliwa hulainika kwa jasho na kwa kazi, kikafuata umbo la mguu wa aliyekivaa. Sisi huku, ambao mavazi yetu mengi hutoka katika marobota ya mitumba, twaweza kudhani kwamba mtoto akijaliwa jozi ya viatu hivyo amepata bahati. La hasha. Kiatu kilicholainishwa na mguu wa mwingine hakina nguvu ya kumshika, na kwa mguu usioandaliwa ni mtego.

Kwa hiyo neno letu "subiri" lilikuwa sahihi. Lakini je, kuwa sahihi kwatosha kulifanya liwe la haki? Hapa ndipo penye mgogoro.

Katika makazi ya wakimbizi, kungoja ni sehemu kubwa ya maisha. Watu hungoja posho, hungoja karatasi, hungoja kuitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine, hungoja amani ya nyumbani. Wapo waliongoja mpaka watoto wao wakazaa watoto. Kungoja huko mara nyingi hakumfundishi mtu jambo, wala hakuna ajuaye kutaisha lini, wala anayengoja hawezi kufanya lolote la kukuharakisha. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo anaposikia neno "subiri" halisikii kama sisi tulivyolisikia kwa bibi zetu. Kwake yeye ni namna nyingine ya kusema "hapana" bila ya kuwajibika kwa hapana hiyo.

Yafaa basi tutenganishe mambo mawili ambayo methali imeyafunika kwa neno moja. Kuna kusubiri ambako ni kazi, kama mkulima anayepalilia huku akingojea mvuno. Na kuna kusubiri ambako ni kuachwa tu, kama mzigo uliosahauliwa kituoni. Subira inayovuta heri ni ile ya kwanza. Tukimhubiria mtu ile ya pili kwa sifa za ile ya kwanza, tunamdanganya, na methali tumeitumia kama kifuniko cha uvivu wetu.

Kutokana na hayo sisi twaona kwamba kila anayemwambia mwanafunzi asubiri anajitwika madeni matatu. Deni la kwanza ni sababu. Mtoto wa miaka kumi aweza kuelewa kwamba mfupa wake bado unakomaa. Hana haja ya kuambiwa tu kwamba yeye ni mdogo. Deni la pili ni kazi ya kufanya wakati wa kungoja. Katika baleti kazi hiyo ipo tele: kukunja magoti na kuyanyosha pasipo kuinama, kupanda taratibu mpaka juu ya nyayo za mbele na kushuka taratibu zaidi, kusimama kwa mguu mmoja bila ya kuyumba, kuushika mgongo wima. Yote hayo hufanywa kwa miguu mitupu, na hayahitaji kiatu cha thamani. Deni la tatu ni alama. Mwanafunzi aelezwe atajuaje kwamba amekaribia, ili asitegemee hisani ya mwalimu. Anayeweza kupanda na kushuka kwa mguu mmoja mara nyingi mfululizo, kisigino hakiyumbi wala goti halipindi, anajua mwenyewe kwamba kuna hatua ameivuka.

Mambo haya si mageni kwetu. Itazameni ngoma ya ekitaguriro ya Wanyankole, ambamo mikono huinuliwa mfano wa pembe ndefu za ng'ombe na miguu hupiga ardhi kwa vishindo. Mtoto haambiwi akae nyumbani mpaka aive. Husimama ukingoni mwa uwanja, hupiga makofi, huiga nyayo za wakubwa, akiwa tayari ni mshiriki ingawa hajafika katikati. Watazameni kadhalika watoto wa Kirundi. Ngoma kuu ya kwao, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, yataka nguvu za mtu mzima. Lakini tumewaona watoto wakiyageuza madumu ya maji na kupiga mapigo yale yale, wakiruka na kuanguka. Wanasubiri, ndiyo, lakini wanasubiri wakiwa ndani ya ngoma.

Huenda msomaji akatupinga, akasema: mnampa mtoto matumaini ya bure. Ni nani atakayemfundisha baleti Nakivale, na viatu atapata wapi? Hoja hii ni nzito, na ukweli watudai tusiikwepe. Mahali pasipo na mwalimu wa kudumu, mtoto hapaswi kupandishwa juu ya ncha, na wala tusimwahidi kwamba siku hiyo itafika. Ahadi isiyo na msingi ni dhuluma kama ilivyo pupa. Lakini si kweli kwamba pasipo ncha hapana sanaa. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, watoto wamejifunza baleti ndani ya chumba cha darasa, madawati yametolewa nje, hapana vioo wala ufito wa kushikia. Joel Kioko, aliyekulia katika mtaa wa Kuwinda jijini humo, alianzia katika hali kama hizo akafika kusoma katika chuo cha English National Ballet, London. Naye ni mwanamume, na kwa desturi wanaume katika baleti hawachezi juu ya ncha. Ncha ni tawi moja tu; mti ni mwili uliofundishwa vema.

Sasa tugeukie darasa letu wenyewe, kwani hatukuandika haya ili tuwalaumu walimu wa michezo. Mwaka 2022 serikali ya Uganda iliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulishangilia. Lakini pamoja na shangwe hiyo imetujia pupa. Tunamwona mwanafunzi ambaye bado anachanganya ngeli, hajui kama ni "kiti hiki" au "kiti hii", na tayari anatakiwa atunge utenzi wenye vina na mizani kwa ajili ya sherehe ya wageni. Hukariri asichokielewa, akapigiwa makofi, na baada ya miaka miwili tunamkuta anakichukia Kiswahili kwa sababu kila akijaribu kusimama peke yake anaanguka. Huyo tumempandisha juu ya ncha kabla ya mfupa kukomaa, na makofi yalikuwa yetu sisi, si yake.

Upande wa pili tunao walimu waliokithiri kwa tahadhari. Hawa humzuia mwanafunzi kusema lolote mpaka aseme sanifu. Mtoto wa Kongo anakuja na Kiswahili chake, anasimulia kisa kizuri, nasi tunamkatiza kila sentensi kwa kuwa si cha Zanzibar wala si cha Dodoma. Twamwambia asubiri mpaka ajue. Lakini atajuaje akiwa kimya? Hapa twamnyima deni la pili, yaani kazi ya kufanya anapongoja. Afadhali tumwache asimulie, tumwonyeshe kosa moja leo na jingine kesho, huku akijua kwa nini analirekebisha.

Twaamini kwamba mwalimu mwema yuko baina ya hao wawili, na kipimo chake ni hiki: je, ninayemngojesha anapata nguvu kila siku, au anadhoofika? Akipata nguvu, subira yetu ni ya haki. Akidhoofika, hatuna budi kukiri kwamba tumemwacha tu, hata kama tunayo methali ya kutukinga.

Tulirudi kwa yule msichana. Tulimwomba radhi kwa kumjibu neno moja pale alipostahili maelezo. Tulimweleza habari za mifupa, tukamchorea mguu ubaoni, tukamwambia wazi kwamba hatujui kama siku moja atapata mwalimu wa baleti. Kisha tukamwonyesha mazoezi tuliyojifunza, ya miguu mitupu, tukamtaka ahesabu mwenyewe ni mara ngapi aweza kupanda na kushuka bila ya kushika ukuta. Siku ile alifika mara nne. Aliandika hesabu hiyo nyuma ya daftari lake la Kiswahili, na chini yake akaacha mistari mitupu ya kuandikia siku zijazo.