HAKI YA MNYAMA WA NYUMBANI USIKU WA BARIDI
Nasaha kwa ndugu zetu wa Musoma, Bunda na Butiama

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vyenye kusema na visivyosema. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu, na jamaa zake na Masahaba zake.

Amma baad. Ndugu zangu katika dini, jambo lililonitia kuandika karatasi hizi ni dogo machoni pa watu wengi. Hatta machoni pangu lilikuwa dogo, mpaka mtoto mmoja wa chuoni aliponiuliza swali nisiloweza kulijibu papo hapo.

Paka alizaa katika pembe ya chuo chetu, juu ya mikeka. Nikachukia kwa ajili ya najisi, nikaamrisha atolewe yeye na wanawe, wawekwe nje kando ya ukuta. Ulikuwa mwezi wa Aprili, masika yamekaza. Usiku ule ikanyesha mvua pamoja na upepo wa ziwa. Alfajiri tulipotoka kwenda kusali tukawakuta watoto watatu wamekufa, na mama yao amewalalia, amerowa, hataki kuondoka. Mmoja katika wanafunzi, ambaye wiki ile ile nilimsomesha hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, akaniuliza kwa adabu: "Maalim, yule mwanamke alimfungia paka ndani. Na mwenye kumfungia paka nje, hukumu yake ni ipi?"

Nikanyamaza. Karatasi hizi ndizo jawabu yangu kwake, na kwa kila mwenye mnyama nyumbani mwake.

BARIDI YA KWETU

Huenda mtu akasema: Baridi ni ya Ulaya, kunakoanguka theluji, sisi tu jirani na ikweta, wanyama wetu wana haja gani? Jawabu yake ni kwamba baridi ya kwetu haiji kwa theluji, yaja kwa maji na upepo. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na Butiama iko juu kuliko pwani ya ziwa. Masika ni Machi hatta Mei, kisha hufuata kipupwe, Juni mpaka Agosti, ambapo usiku ni wa baridi. Mnyama aliyerowa akapigwa na upepo hupoteza joto la mwili wake upesi sana kuliko aliye mkavu. Na kitoto cha paka, na kifaranga, na mtoto wa mbuzi, katika siku zao za kwanza hawana nguvu ya kujipasha joto wenyewe. Joto lao ni mama yao na pahali pakavu, basi. Ukiwaondolea hayo umewaondolea uhai.

DALILI ZA DINI

Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nahl ametukumbusha neema ya wanyama wa kufuga, na neema ya kwanza aliyoitaja hapo ni joto tulipatalo kwao. Basi tazama, ewe ndugu: wao wametupa joto kwa sufi na ngozi zao, je, ni insafu sisi tuwalipe baridi?

Ama ile hadithi ya mwanamke na paka, imepokewa katika Bukhari na Muslim. Kosa lake lilikuwa kumzuilia: hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia riziki yake. Hapa ndipo asili ya hukumu yote. Mnyama wa mwituni riziki yake na maficho yake ni juu ya Mola wake. Lakini uliyemfunga kamba, au uliyemtia bandani, umemkatia njia ya kujiokoa, kwa hiyo imekulazimu wewe kumwokoa. Na katika Sahihi mbili hizo imepokewa pia khabari ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake.

Maimamu wetu wa Kishafi wameyaweka mambo haya katika mlango wa matumizi yaliyo wajibu, pamoja na matumizi ya mke na watoto. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja katika Minhaj ya kwamba ni juu ya mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa. Na kwamba haijuzu kukama maziwa kwa kadiri itakayomdhuru mtoto wake. Naye Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, aliyefariki mwaka 1262, alipozihesabu haki za mnyama juu ya mwanadamu alitaja kumhudumia hatta akizeeka au akiugua asiwe na manufaa tena, na akataja kumtengenezea vizuri pahali pake pa kulala. Basi zizi lenye matope mpaka magotini ni haki iliyovunjwa.

Na Sheikh Damiri, naye ni Mshafi, amesimulia khabari ya Shibli, mchaji Mungu wa Baghdad aliyefariki mwaka 946. Baada ya kufa kwake alionekana katika ndoto, akaulizwa amesamehewa kwa lipi. Haikuwa kwa sala zake wala saumu zake. Siku moja ya baridi kali alimkuta mtoto wa paka njiani, anajibanza ukutani kwa ajili ya theluji, akamtia ndani ya vazi lake la manyoya. Ndoto si hoja ya kutolea hukumu, lakini wanavyuoni huitaja kwa mawaidha. Nami kila niikumbukapo naona haya, kwa kuwa yeye alimtoa paka ukutani, na mimi nilimpeleka ukutani.

MAS'ALA YA MBWA

Swali: Mbwa ni najisi kwa madhehebu yetu, vipi nimjengee kibanda?

Jawabu: Unajisi wake ni hukumu ya tohara yako, si ruhusa ya kumtesa. Sheria imeruhusu kuweka mbwa wa kulinda mifugo na mashamba, na watu wa Bunda wajua ni nani abwekaye fisi anapokaribia zizi. Ukiwa wamweka kwa kazi hiyo, haki yake imekupasa. Mbwa mkavu akigusa kitu kikavu, najisi haihami. Akiwa amerowa akagusa nguo yako, ioshe mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Basi kumjengea kibanda kikavu kwakupunguzia taabu hiyo: aliyerowa ndiye wa kuogopwa.

YAPASAYO KUTENDWA

Banda lizibwe upande utokao upepo, lakini lisizibwe lote, kwani hewa nzito ya mkojo na mavi huleta maradhi ya kifua. Sakafu iinuliwe, itandikwe nyasi kavu au maranda, na yakirowa yabadilishwe.

Mtoto wa mbuzi akizaliwa usiku wa mvua, afutwe akauke, na anyonye dang'a katika saa zake za kwanza.

Vifaranga wasio na mama wahitaji joto la digrii 32 mpaka 35 juma la kwanza, kisha lipunguzwe kidogo kidogo. Wakirundikana wana baridi. Wakiukimbia moto wana joto. Na jiko la mkaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa: hewa yake huua vifaranga na wenye nyumba pia.

Kuku wapewe chanjo ya kideri, ile ya tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Mbwa na paka wachanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka. Mwendee bwana mifugo. Mbwa wa mnyororo asifungwe mbali na kibanda chake.

Paka aliyezaa apewe sanduku na kitambaa katika pembe ya jiko. Wala msiwatie watoto wake guniani mkawatupe kando ya ziwa au sokoni, kama wafanyavyo watu usiku.

Tena jueni ya kuwa serikali yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Lakini Mwislamu asingoje askari. Sheria yake ilitangulia.

KHATIMA

Ewe mwanangu uliyeniuliza, sikiliza jawabu. Nilikuwa na haki ya kuilinda mikeka ya chuo na najisi. Sikuwa na haki ya kuviweka viumbe vichanga mahali pa mauti, na hali pembe kavu ya jikoni ilikuwa hatua ishirini tu. Aliyefungiwa nje pasipo maficho ni kama aliyefungiwa ndani pasipo chakula. Nimetubu kwa Mola wangu. Yule paka sasa ana sanduku lake, na zamu ya kulitazama wakati wa mvua nimejipa mimi mwenyewe.

Ewe Mola wetu, turehemu sisi tulio dhaifu mbele yako, utujaalie kuwarehemu walio dhaifu mbele yetu. Utusamehe tuliyoyatenda kwa kughafilika, wala usitufanye sababu ya mateso ya kiumbe chako cho chote. Amin.

Wallahu aalam.