Jaza Pengo

"Mambo ____ kuhusu ____ ambayo ____ hawataki uyajue."

Haya, jaza mwenyewe. Weka 7, weka kisukari, weka madaktari. Au weka 5, mapenzi, wanaume. Au 9, Shaaban Robert, maprofesa. Sentensi inapokea kila kitu, haina mwiko wala kinyaa. Ukiipandisha mtandaoni saa tatu usiku, watu wameshakula na wamejilaza na simu zao, itabofywa.

Violezo vya namna hii vimejaa siku hizi. Vinauzwa, vinagawiwa bure kwenye magrupu ya WhatsApp, vinafundishwa kwenye semina. Kijana mmoja ninayempitia kazi zake alinitumia faili zima la vichwa vya kujaza pengo, kisha akaniuliza: "Mwalimu, nikitumia hivi nitakuwa nadanganya watu?" Hakuuliza kama vinafanya kazi, maana hilo alishaliona. Aliuliza habari ya uongo. Ni swali la maadili, na sisi tunaojiita watu wa fasihi huwa tunalikwepa kwa sababu tuna jibu jepesi mfukoni: violezo ni takataka, msanii wa kweli hujibunia mwenyewe.

Jibu hilo mimi silikubali.

Silikubali kwa sababu fasihi yetu ya Kiswahili ni fasihi ya violezo, tena vikali. Tazama tarbia. Mishororo 4 kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, 8 hapa na 8 pale, kina cha kati, kina cha mwisho. Mshairi hajajua bado atasema nini, karatasi yake imeshapigwa mistari. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akitunga katika umbo hilo mwanzoni mwa karne ya 19, na wanaopeleka mashairi magazetini leo wanaendelea nalo. Ngano nazo, paukwa, pakawa, hapo zamani za kale. Na barua je? Waliokua kabla ya simu za mkononi watakumbuka: dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Wanafunzi wa bweni waliandika hivyo, wachumba waliandika hivyo. Sijamsikia mtu aliyefungua bahasha, akakuta maneno hayo, akasema mwandishi wake ni mwongo kwa kuwa amenakili. Tuliyaruka haraka tukijua habari yenyewe iko chini, ila yangekosekana tungeshtuka. Tungedhani kuna msiba.

Mfano unaonimaliza kabisa ni wa Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika waraka wa kuikosoa serikali ya Kenya, Kenya: Twendapi?, na kwa ajili hiyo akakaa gerezani kuanzia 1969 hadi 1972. Huko ndiko alikotungia, akiandika kwenye karatasi za chooni, mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Hebu mfikirie mtu huyo. Amefungiwa peke yake, ana kila sababu ya kupiga ukelele usio na mpangilio, naye anakaa kuhesabu mizani. Anatafuta kina. Umbo alilolitumia lilikuwa kuukuu kuliko babu zake. Lakini nani atakifunga kitabu kile aseme, ah, huyu bwana alijaza mapengo tu?

Kwa hiyo kutumia umbo lililotengenezwa na wengine peke yake si uongo wala si uvivu. Tofauti lazima iwe kwingine.

Mimi naiona hapa: tazama kiolezo kinambana nani.

Arudhi humbana mwandishi. Kina chako kikiwa "-ka", lile neno tamu ulilokuja nalo kutoka nyumbani halikai. Mizani ikizidi moja, sentensi uliyoipenda inabidi ivunjwe. Unarudi ndani kutafuta nyingine, na mara nyingi ukiwa huko ndani unagundua kwamba ulichotaka kusema sicho. Pengo linakukatalia, na katika kukatalia linakufikirisha. Msomaji, yeye, yuko huru. Anaweza kuliacha shairi ubeti wa pili akaenda zake, hakuna kilichomshika isipokuwa utamu.

Kiolezo cha mtandaoni kinageuza mambo. Mwandishi hakimbani hata kidogo, maana neno lolote linaingia. Anayebanwa ni msomaji. Vipimo vyake vyote vimechukuliwa mwilini mwake: udadisi wake, woga wa kupitwa, aibu ya kuonekana mjinga. Ile "hawataki uyajue" inamnong'oneza kwamba kuna watu wanamficha kitu, na asipobofya amekubali kufichwa. Lawama hiyo inatolewa kabla mwandishi hajajua hao watu ni akina nani na wanaficha nini. Watajazwa baadaye.

Kuna historia hapa inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1926 kijana wa Kimarekani, John Caples, aliandika tangazo la shule ya muziki iliyofundisha watu kwa njia ya posta. Kichwa chake kilisimulia jinsi walivyomcheka alipokaa kwenye piano, mpaka alipoanza kupiga. Likawa miongoni mwa matangazo mashuhuri kupita yote, na hadi leo waandishi wa matangazo wanaliazima: walinicheka nilipo____, lakini nilipo____. Mwaka 1932 Caples mwenyewe alitoa kitabu juu ya mbinu za matangazo zilizojaribiwa zikafaulu.

Ukilisoma lile la kwanza unaona halikuwa kiolezo. Lilikuwa na jambo ndani yake, fedheha ya mtu mzima asiyejua kitu ambacho rafiki zake wanakijua, na hamu yake ya kuwashangaza jioni moja tu. Caples aliiona fedheha hiyo ndipo akaitafutia sentensi. Waliokuja nyuma yake walichukua sentensi, wakaitoa matumbo, wakabaki na ngozi. Sasa wanazunguka nayo wakitafuta cha kuijaza.

Ili nisiseme mambo ya hewani, nilikaa nikajaribu. Nilichukua kiolezo kinachopendwa sana, "Mambo 7 usiyoyajua kuhusu ____", nikajaza Mwana Kupona. Yeye ni bibi wa Pate aliyetunga utenzi maarufu wa mwaka 1858 akimuusia binti yake. Nikaanza kuhesabu. La kwanza, alitunga akiwa mgonjwa, na mwenyewe anasema maradhi yamemshika mwaka mzima. La pili, mumewe alikuwa mtawala wa Siu. La tatu, anamwita binti aje karibu na wino na karatasi. La nne, wasia wake unachanganya dini, usafi wa nyumba na namna ya kuishi na mume, na mpaka leo wasomaji wanabishana kama ni wasia wa utiifu au wa ujanja. La tano…

La tano nilianza kukuna kichwa. La sita nilijikuta nataka kulipasua la nne liwe mawili. La saba sikuwa nalo, ila vidole vilikuwa tayari kuandika kitu, kitu chochote chenye ladha ya siri. Nikasimama nikaangalia kinachotokea. Uongo wa violezo hauji kwa sababu mwandishi ni mtu mbaya. Unaingilia kwenye namba. Niliahidi 7 kabla sijahesabu nilivyo navyo, na ahadi ikishatoka lazima ilipwe, kwa pesa halali au bandia. Hata lile "usiyoyajua" ni hivyohivyo. Mie nimejuaje kwamba wewe huyajui?

Hasara ya pili ilikuwa kubwa kuliko hiyo, nami sikuitarajia. Lile la tatu, la wino na karatasi, nilikuwa nimelipa mistari miwili ili niwahi la nne. Na ndilo lenye kila kitu! Kuomba wino na karatasi mwanzoni ni desturi ya tenzi, ni kiolezo kama "hapo zamani za kale". Watunzi wengi wameagiza wino na karatasi na hatukuhitaji kujua nani alivileta. Lakini hapa anayeagiza ni mama aliyeugua mwaka mzima, na anayeitwa avilete ndiye mwenyewe anayeusiwa. Binti anasogea na vifaa vya kuandikia maneno ambayo mama anahofu hatapata muda wa kumwambia. Mwana Kupona aliukuta mstari wa kila mtu akaweka humo kitanda chake cha ugonjwa. Hiyo peke yake ni makala nzima. Orodha yangu ilikuwa imeigeuza namba 3 kati ya 7, kimo sawa na wenzake.

Nakubali, kuna upande wa pili, na si upande wa wajinga. Yule kijana aliniambia wazi: uhakiki wake wa riwaya, alioukesha, ulisomwa na watu wasiojaza daladala. Makala yake ya "makosa 5" ilisambaa mpaka kwa shangazi zake. Anaishi kwa kalamu na ana kodi ya nyumba. Wazee walituambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wazee hawakuwa na intaneti. Huku kizuri kisipojitembeza hakuna anayejua kama kipo. Mvuvi hatii ndoana tupu baharini, na mwandishi anayedharau kichwa cha habari anadharau mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Kwa hiyo sikumwambia atupe lile faili. Nilimwambia alifungue mwishoni. Andika kwanza kile ulicho nacho, ukimaliza ndipo utafute kichwa kinachokitosha. Ukikuta una mambo 4, andika 4. Ukikuta una moja, usiogope moja. Kichwa kilichoshonwa baada ya kupima ni nguo, hata kama mshono ni wa kuazima. Kichwa kilichotangulia ni jeneza linalotafuta maiti.

Na ninaposema maiti sitanii, kwa kuwa msibani ndiko nilikoona kiolezo kikifanya kazi yake kwa heshima. Alipofariki mzee mmoja aliyetufundisha Kiswahili, ulisomwa wasifu wa marehemu kama kawaida: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa, alianza kuugua. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Ameacha pengo lisilozibika. Sote tunayajua maneno haya, tumeyasikia kwa marehemu wema na kwa wale ambao kijiji kizima kilishusha pumzi walipoondoka. Binti yake mkubwa aliyasoma kwa sauti moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alipofika kwenye "mchango wake kwa jamii" akasoma hivi: marehemu alitembea na kipande cha chaki mfukoni, akiona bango la duka lina kosa la tahajia analisahihisha. Mwenye duka la nyama alimfukuza mara mbili. Bango hilo leo liko sahihi.

Watu walicheka, halafu ndipo kilio chenyewe kikaanza.

Nikawaza baadaye, bila ile orodha ya alizaliwa-alisoma-alioa, binti yule angesimama vipi? Angeanzia wapi? Huzuni haina mwanzo wala mpangilio. Kiolezo kilimbeba mpaka mahali alipokuwa na neno lake, kisha kikanyamaza akalisema. Hiyo ndiyo huduma ya umbo la kuazima, na ndiyo maana siwezi kuwaunga mkono wanaolibeza. Lakini angeishia kwenye pengo lisilozibika, angekuwa ametuzikia mtu yeyote. Maana tazama kichekesho cha lugha yetu: tunasema "pengo lisilozibika" ndani ya sentensi ambayo pengo lake la pekee, lile la jina, linazibika kwa jina la mtu yeyote.

Mtihani wangu basi ni mmoja, wala sina 7. Ukimaliza kuandika, futa neno uliloliweka kwenye pengo, weka lingine. Toa Mwana Kupona, weka Shaaban Robert. Toa ndoa, weka mpira. Kisha soma upya. Makala ikiyumba, ikianza kusema uongo, ikakataa, ujue uliandika juu ya kitu fulani, na kiolezo ulichotumia si aibu yako. Ikiendelea kusimama wima kana kwamba hakuna kilichobadilika, basi hakuna kilichokuwamo. Na kuna mtu huko nje, kwa bando la mwisho la siku, amebofya akiamini kwamba kuna mtu amekaa akamfikiria.