Je, Taifa Zima Laweza Kuhukumiwa?

Katika lugha ya Wapolandi, Mjerumani huitwa Niemiec, na jina hilo lina asili moja na neno lao niemy, maana yake bubu. Wataalamu wa lugha hulieleza hivi: zamani sana Waslavi walipokutana na watu wa magharibi wasiosikilizana nao, waliwahesabu kuwa watu wasio na ulimi. Kumbe watu wale hawakuwa mabubu hata kidogo. Walisema na wake zao, waliimba, waliomba miungu yao, waligombeza watoto wao. Ububu ulikuwa katika masikio ya jirani tu. Lakini jina likashika, na mpaka leo, baada ya miaka elfu na zaidi, mtoto wa Poland hulitamka kila siku bila kufikiri kwamba amemwita mwenzake bubu.

Jina hilo laleta swali ambalo wakatekista huulizwa mara nyingi wanapofundisha amri ya nane. Mkristu ajua ya kuwa kumsingizia mtu ni dhambi, na kwamba kumsengenya, hata kwa jambo la kweli, ni dhambi pia. Lakini akisema, “Watu wa taifa lile ni wezi,” amemsingizia nani? Hakutaja mtu. Hakuna atakayemwendea kumdai heshima yake. Neno limetupwa kama jiwe gizani, wala aliyelitupa hakusikia kilio. Je, amekosa, au hakukosa?

Yafaa kulitazama swali hili katika nchi ya Poland, kwa sababu watu wake wengi ni Wakatoliki tangu kale, na kwa sababu majirani zao wamewatenda mambo ambayo hakuna awezaye kuyaita madogo.

Wapolandi wana misemo mingi juu ya mataifa mengine, na mingi ni ya kuchekesha. Mtu anayeketi bila kuelewa lolote, wasema ameketi kama kwenye mahubiri ya Kituruki. Maneno ya upuuzi ni mazungumzo ya Kiaustria. Jambo lisilo na kichwa wala miguu ni filamu ya Kicheki. Mhungaria peke yake hupata sifa njema: huyo ni ndugu wa Mpolandi, penye upanga na penye kikombe vilevile. Na mtu anayetoroka karamuni bila kuaga, wasema ametoka Kiingereza. Lakini Waingereza wenyewe husema mtu wa namna hiyo ameaga Kifaransa, na Wafaransa husema ametoka Kiingereza, na Wajerumani wengi husema ametoka Kipolandi! Basi adabu mbaya ni ile ile moja, nayo imesafiri Ulaya yote ikitafuta mwenyewe, na kila nyumba yaielekeza kwa jirani.

Hali ya mende ni hiyo hiyo. Aina moja ya mende wadogo wa jikoni huitwa katika Kipolandi prusak, yaani Mprusi. Sehemu nyingine za Ujerumani mdudu huyo huyo aliitwa Mrusi. Mdudu hana taifa. Ila kila mwenye nyumba alipomwona ukutani, hakukubali kwamba uchafu ulizaliwa kwake. Lazima umetoka ng'ambo ya mpaka.

Mpaka hapo ni kicheko, na si kila kicheko ni dhambi. Watani hutaniana, na utani huponya mengi. Lakini Mpolandi ana methali nyingine isiyo ya kucheka, isemayo kwamba maadamu dunia ni dunia, Mjerumani hatakuwa ndugu wa Mpolandi. Hapo neno si utani tena. Ni hukumu, tena hukumu isiyo na rufani, maana imewekewa muda mpaka mwisho wa dunia.

Je, methali hiyo ilizaliwa bure? La. Kati ya mwaka 1772 na 1795 wafalme wa Prussia, Urusi na Austria waliigawanya Poland kama nyama, hata jina la nchi likatoweka katika ramani kwa miaka 123, mpaka mwaka 1918. Tarehe 1 Septemba 1939 majeshi ya Hitler yaliingia kutoka magharibi. Tarehe 17 ya mwezi huo huo majeshi ya Stalin yaliingia kutoka mashariki. Raia wa Poland wapatao milioni sita waliuawa katika vita vile, na nusu yao walikuwa Wayahudi. Mapadri wa Poland zaidi ya 1,700 walifungwa katika kambi ya Dachau, na karibu nusu yao wakafia humo. Upande wa mashariki, mwaka 1940, watumishi wa Stalin waliwapiga risasi maofisa na wafungwa wengine wa Poland karibu 22,000, katika msitu wa Katyn na mahali pengine, kisha wakakana kwa miaka hamsini; walikiri mwaka 1990. Watu wengi mno walipelekwa kwa nguvu Siberia na Asia ya Kati. Baadhi ya waliookoka, wengi wao wanawake na watoto, walipitia Uajemi wakafika hata Tengeru, karibu na Arusha, katika Tanganyika ya wakati ule, wakakaa kambini miaka kadhaa. Makaburi ya waliofia huko yapo mpaka leo.

Basi mama aliyemzika mwanawe Tengeru, mbali na kwao, na aambiwe nini akisema vibaya juu ya Warusi? Anayemkaripia kwa haraka hajui uzito wa mambo. Kanisa halimwamuru mtu kusahau, wala halimwamuru kuita ovu jema. Kukumbuka dhuluma, kuitaja kwa jina lake, kutaja na waliyoitenda, ni ukweli, na ukweli ndio unaolindwa na amri ya nane. Lakini mama yule akisema, “Askari fulani alimchukua mume wangu,” ametoa ushahidi. Akisema, “Mrusi kwa asili yake ni mnyama,” ametoka katika ushahidi, akaketi katika kiti cha hakimu, na mbele yake wamesimamishwa watu mamilioni ambao hajawaona, pamoja na watoto ambao bado hawajazaliwa. Jeraha lake ni la kweli. Hukumu yake si ya kweli. Mambo hayo mawili hukaa pamoja katika moyo mmoja, na kazi ngumu ya dhamiri ni kuyatenga.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba, pasipo hakika, yafaa kumhesabu mtu kuwa mwema. Naye aongeza kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania wema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania ubaya mtu mwema, kwa sababu huyu wa pili amedhulumiwa. Sasa, amhukumuye mtu mmoja bila hakika hukosea labda mara moja. Ahukumuye taifa zima hukosea kwa kila mwema aliyemo. Kwa hiyo lile jiwe lililotupwa gizani halikukosa mtu wa kumpiga. Liliwapiga wengi, ila aliyelitupa hakuwaona.

Wengine watajibu kwamba Mtume Paulo mwenyewe, katika barua yake kwa Tito, alirudia neno kali ambalo Mkreta mmoja aliwasema watu wa kisiwa chake. Ni kweli. Lakini na wasome mistari iliyotangulia. Paulo alimwacha Tito huko Kreta ili aweke wazee wa Kanisa katika kila mji, na wazee hao walitoka wapi, kama si miongoni mwa Wakreta wale wale? Mtu anayesadiki kwamba taifa zima ni la waongo hawezi kutafuta ndani yake wachungaji wasio na lawama. Paulo alilijua lile neno, akalitumia kwa kuonya, na mkono wake ukatenda kinyume chake.

Tena dharau haifuati daftari la madeni. Shirika liitwalo CBOS limewauliza Wapolandi kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1990, ni mataifa gani wanayoyapenda na yapi hawayapendi. Wacheki wameshika mara nyingi nafasi za mbele. Warusi wako chini, na sababu yajulikana. Lakini Waroma, ambao wengine huwaita Wajipsi, nao wako chini kabisa miaka nenda miaka rudi. Je, Waroma waliigawanya Poland lini? Jeshi lao liliingia kwa mpaka gani? Wao pia waliuawa kwa maelfu katika kambi ya Auschwitz, katika ardhi ile ile ya Poland.

Na kuna habari iliyo nzito kuliko hiyo. Tarehe 10 Julai 1941, katika mji mdogo wa Jedwabne, chini ya utawala wa Wajerumani, Wapolandi waliwakamata majirani zao Wayahudi, wakawachoma moto ndani ya ghala. Uchunguzi wa serikali ulihesabu waliokufa kuwa si chini ya 340. Wauaji hawakuwa wageni. Waliwajua waliowaua, walinunua dukani kwao. Lakini kwa miaka mingi neno “Myahudi” lilikuwa limesemwa kwa namna fulani nyumbani na sokoni, na siku ile uso wa jirani ukafichwa nyuma ya neno. Tarehe 27 Mei 2001 maaskofu wa Poland walikusanyika Warsaw, katika kanisa la Watakatifu Wote, wakaomba msamaha kwa Mungu na kwa waliodhulumiwa.

Lililo ajabu ni kwamba Wapolandi waliletewa hazina yao kubwa, yaani imani, na majirani hao hao. Mwaka 966 mtawala wao Mieszko alibatizwa, na mkewe, Dobrawa, alikuwa Mcheki. Mtakatifu Wojciech, msimamizi wa nchi yao, alikuwa askofu wa Praha, Mcheki pia. Aliuawa mwaka 997, na mwili wake ukazikwa Gniezno. Mtakatifu Jadwiga wa Silesia, mama wa maskini, alikuwa Mjerumani mzaliwa wa Bavaria. Yule Jadwiga mwingine, malkia, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1997, alitoka nyumba ya mfalme wa Hungaria. Ukiwaondoa majirani wote katika litania ya Wapolandi, litania itakuwa fupi sana.

Maaskofu wa Poland walilijua jambo hilo walipokuwa Roma, Mtaguso wa pili wa Vatikano ukikaribia mwisho. Mwaka uliofuata nchi yao ilikuwa itimize miaka elfu ya ubatizo, nao wakaandika nyaraka 56 kwa maaskofu wa mataifa mbalimbali, kuwaalika. Waraka wa tarehe 18 Novemba 1965 ulikwenda kwa maaskofu wa Ujerumani. Aliyeuandika hasa ni Askofu Bolesław Kominek wa Wrocław, mji ambao kabla ya mwaka 1945 ulikuwa wa Wajerumani. Waraka ulisimulia mema ya kale, ukamtaja Mtakatifu Jadwiga; ukahesabu maovu ya vita bila kuyapunguza; kisha ukatoa msamaha, na papo hapo ukauomba.

Neno hilo la mwisho ndilo lililoleta ghasia. Serikali ya kikomunisti ilikasirika, ikawashambulia maaskofu magazetini, na mwaka 1966 ikamkatalia Baba Mtakatifu Paulo VI asije kwenye sikukuu ile. Lakini hata Wakatoliki wema walishangaa. Kutoa msamaha, vyema, ndivyo Injili inavyoamuru. Lakini kuuomba, kwa kosa gani? Nani aliyevamiwa? Wafanyakazi wa kiwanda cha Solvay mjini Kraków walitoa barua ya wazi ya kumlaumu askofu mkuu wao, Karol Wojtyła, ambaye wakati wa vita alikuwa mfanyakazi mwenzao katika kiwanda hicho hicho. Akawajibu, akawakumbusha miaka ile waliyoteseka pamoja.

Swali la wafanyakazi wale halikuwa la kijinga. Hatia ni ya mtu mwenyewe. Hakuna atakayeungama dhambi ya mwingine. Lakini vita ilipokwisha, mamilioni ya Wajerumani walikimbia au walifukuzwa katika nchi zilizopewa Poland, na njiani wengi walikufa, watoto kwa wazee. Mataifa makubwa ndiyo yaliyoamua, hata hivyo mikono ya Wapolandi nayo ilikuwamo. Mtu asemaye “wazee wetu walishinda” hana budi aweze kusema pia “wazee wetu walikosa.” Asiyepokea fedheha ya ukoo, urithi wa sifa zake aushike kwa haki gani?

Maaskofu wa Ujerumani walijibu tarehe 5 Desemba 1965, na wengi waliona jibu hilo lilikuwa baridi kupita kiasi. Miaka ilipita. Tarehe 12 Novemba 1989, katika Misa huko Krzyżowa, kijiji cha Silesia, ulipofika wakati wa kupeana amani, waziri mkuu wa Poland, Tadeusz Mazowiecki, na kiongozi wa Ujerumani, Helmut Kohl, walikumbatiana. Mwaka 2005 maaskofu wa Poland na maaskofu Wakatoliki wa desturi ya Kigiriki wa Ukraine nao walisameheana hadharani, kwa ajili ya mauaji ya Volhynia ya mwaka 1943 na kisasi kilichofuata. Na mwaka 2022, vita ilipoingia Ukraine, nyumba nyingi za Wapolandi zilifungua milango kwa wakimbizi wa taifa lile lile.

Askofu Kominek hakuyaona hayo. Alifanywa kardinali mwaka 1973, akafa mwaka uliofuata. Sanamu yake imesimama Wrocław tangu mwaka 2005, karibu na mto Odra, na juu yake yameandikwa yale maneno ya msamaha yaliyowaudhi watu.