Mpinzani Asiyejifunza

Mtu akimshinda leo yule yule aliyemshinda jana, kwa ngumi zile zile na katika raundi ile ile, je, ameshinda nini? Swali hili laweza kuonekana la mzaha, hasa tukisema kwamba limezaliwa na mchezo wa video. Lakini walimu wenzetu watatuvumilia, kwa kuwa kazi yetu sote ni kurudiarudia, na anayeishi kwa kurudia hana budi kujiuliza marudio yake yana thamani gani.

Mchezo wenyewe ni Punch-Out!! wa kampuni ya Nintendo ya Japani. Mwaka 1984 ulikuwa mashine kubwa ya kutumbukiziwa sarafu. Mwaka 1987 ukatolewa ili uchezwe nyumbani katika televisheni, ukibeba jina la bingwa Mike Tyson. Mchezaji humwongoza kijana mfupi, Little Mac, ambaye hupambana na majitu, moja baada ya jingine. Silaha yake kubwa si nguvu bali ni kutazama. King Hippo, mwenye tumbo kubwa, hana pa kupigika mpaka afumbue kinywa. Akipigwa mdomoni suruali humteremka, naye akiishika kwa mkono mmoja tumbo hubaki wazi. Bald Bull, Mturuki, hurudi nyuma hadi kwenye kamba, kisha huja kwa kurukaruka. Ngumi moja ya tumboni, ikimpata katika nukta ya mwisho kabisa, humlaza chini.

Siku ya kwanza hayo yote ni vita. Siku ya mia ni kama shairi lililohifadhiwa moyoni: mkono hulitangulia jicho, na raha iliyopo si ya kumshinda mtu, bali ni ya kuona kwamba mwili haujasahau. Sisi tunaucheza mchezo huu hadi leo wala hatuoni haya kusema hivyo. Lakini raha hiyo siyo ya mweso, ule unaochezwa vibarazani hapa Kampala kwa kete 64. Mwenzio wa mweso aliona jana jinsi ulivyomfunga, na leo amekuja na dawa. King Hippo haji na dawa.

Na mji huu wetu unazijua ngumi za damu na nyama. Katika Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, Eridadi Mukwanga aliiletea Uganda medali ya fedha na Leo Rwabwogo ya shaba; huyo Rwabwogo akapata ya fedha mjini Munich mwaka 1972. Ayub Kalule aliutwaa ubingwa wa dunia huko Japani mwaka 1979. Tena yuko John Mugabi, mzaliwa wa Kampala, mwenye medali ya fedha ya Moscow ya mwaka 1980. Alipopanda ulingoni Las Vegas tarehe 10 Machi 1986 kupambana na Marvin Hagler, Mugabi alikuwa amewamaliza kabla ya muda wapinzani wake wote wa ngumi za kulipwa. Filamu ya pambano lile ipo, na Waganda wengi wameitazama zaidi ya mara moja. Kila inaporudiwa hutupa matumaini, na kila inaporudiwa Mugabi huhesabiwa katika raundi ya 11. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Mbele yake alisimama mtu ambaye naye alikuwa akitazama na kukumbuka. Na maumivu ya jioni ile waliyapata watu wawili, si picha mbili.

Wako wasemao kwamba michezo ya namna hii huwafundisha vijana ukatili. Hatukubaliani nao. Kijana anayelipa shilingi zake katika kibanda cha michezo anajua vema kwamba picha haiumii. Yuko humo Mfaransa aitwaye Glass Joe, ambaye mchezo unamtambulisha kuwa ameshinda mara 1 na kushindwa mara 99. Tukimpiga mara ya 100 hatujamdhulumu yeyote. Hatari tunayoiona sisi imejificha mahali pengine. Ni mazoea ya kudhani kwamba kila aliye mbele yetu ana dalili yake moja, na kwamba ukishaijua dalili hiyo umemaliza kumjua. Tazama jinsi mchezo ulivyowagawa watu kwa mataifa yao: Mfaransa ni goigoi, na Mrusi, katika mashine iliyofuata ile ya kwanza, alipewa jina la ulevi, ambalo katika toleo la mwaka 1987 lilibadilishwa likawa la soda. Jina lilibadilika, chupa ikabaki.

Sisi walimu wa Kiswahili nchini Uganda tumeonja mazoea hayo. Kwa miaka mingi lugha yetu ilihesabiwa kuwa ni ya askari na ya wezi, basi, na msikilizaji hakutaka kusikia neno jingine. Ilitajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo mwalimu yule yule aliyeudhika kwa kuhukumiwa hivyo huingia darasani na daftari la mwaka juzi, akasikia mtoto amesema “kitabu yangu,” akatoa jibu lile lile kabla mtoto hajamaliza sentensi. Mkono umelitangulia jicho. Labda mtoto huyu anaijua ngeli ya ki-vi, na ulimi tu umemponyoka. Labda nyumbani kwao Kiswahili cha sokoni ndicho lugha ya upendo. Mwalimu hatajua, kwa kuwa amekwisha kupiga.

Tyson wa kweli aliangushwa na Buster Douglas mjini Tokyo tarehe 11 Februari 1990, jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Mwaka huo huo Nintendo ilitoa upya mchezo wake bila jina lake. Lakini katika nakala za zamani yungali bingwa wa mwaka 1987, anasubiri mwishoni, na kwa dakika moja na nusu za kwanza za saa ya mchezo ngumi zake za kuinulia zikikupata mara moja tu, unalala.