Mgeni wa Rakaa Nne



Vijana wetu wanaoishi katika nchi za watu huniuliza mara kwa mara swali hili: jamaa zangu wanakuja kunizuru na kupumzika nami, nami mkono wangu ni mfupi; je, yanilazimu niwakirimu kwa vile wanavyodhani kuwa ninaishi, au kwa vile ninavyoishi kweli? Kabla ya kulijibu nitakueleza yaliyonifika mimi mwenyewe, maana mwalimu asiyeona haya kuwarudi wanafunzi wake haimpasi kuona haya kuirudi nafsi yake.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na sasa yapata miaka zaidi ya thelathini nasomesha chuo huku Kasanga. Huenda wewe uliye pwani hujapata kulisikia jina hili. Kasanga ni bandari katika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, chini ya nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa. Wajerumani waliiita Bismarckburg. Meli ya Liemba, iliyoundwa kwao Ujerumani mwaka 1913, kwa miaka mingi ilikuwa ikipita hapa njiani kwenda Mpulungu, ambayo ni Zambia. Minazi hatuna, na mtu wa pwani akija huku jambo la kwanza analolikosa ni tui.

Basi katika barua zangu, na baadaye katika simu, sikuacha kuwasifia jamaa zangu ziwa hili na samaki wake, migebuka na kuhe, na pamoja na ziwa nikaisifu na hali yangu. Uwongo wa wazi sikusema. Yasiyopendeza niliyanyamazia tu, na kila mwaka ulipopita yakawa mazito zaidi kuyasema. Wakadhani kuwa ndugu yao amestarehe.

Mwaka 2024, wiki ya kwanza ya Agosti, shule zilipofungwa Kenya, dada yangu mkubwa na mumewe na wanawe wawili wakaja kukaa nami siku kumi. Nami nikasahau jambo ambalo kila mtoto wa Kasanga alilijua. Mwaka huo nchi nne zenye ziwa hili, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa mchangani. Samaki niliowasifia miaka yote hiyo hawakuwako.

Nikafadhaika, na badala ya kusema kweli nikaenda kwa mfanyabiashara mmoja nikakopa. Nikanunua mbuzi, mchele, magodoro mapya, hata vikombe. Siku tatu tukala kama watu wa harusi. Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo wenye wake wanalijua, lakini mbele ya wageni hakusema neno.

Usiku wa tatu, baada ya Isha, dada yangu alinikuta uani peke yangu. Akaniambia, "Ndugu yangu, tangu nilipoingia kwako mimi nasali rakaa nne. Mbona wewe wanipikia kama mtu wa rakaa mbili?"

Msomaji, mimi nimesomesha fiqhi umri wangu mzima, na neno lile lilinipata kama mwanafunzi aliyeulizwa somo asilolidurusu. Sisi wafuasi wa Imamu Shafii twajua kwamba msafiri ana ruhusa ya kuzikasiri sala zake, yaani ile ya rakaa nne kuisali mbili. Lakini akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, ruhusa hiyo humwondokea pale pale anapowasili, na huwa ni mkaazi. Dada yangu alinuia siku kumi. Kwa hukumu ya sheria yeye alikwisha kuwa mtu wa nyumba yangu tangu alipotua mzigo wake, na mimi nilikuwa nikimweka mlangoni kwa kumpambia sahani.

Tena tazama jinsi mambo yanavyokubaliana. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa haki ya ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo huwa ni sadaka. Na wazee wetu wakasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako wanaoichukia methali hii wakidhani ni ya bakhili. Mimi siioni hivyo. Kumpa mtu jembe ni kumwonesha shamba, na anayeoneshwa shamba huiona na mipaka yake, na magugu yake, na pale palipokauka.

Atasema msemaji: mbona Nabii Ibrahim (A.S.) aliwachinjia wageni wake ndama? Naam. Lakini Qur'ani yatueleza kuwa alikwenda kwa watu wa nyumba yake na huko ndiko alikomtoa. Alikirimu kwa alichokuwa nacho, na hatukusikia kwamba alipita kwa jirani kukopa. Mwenye kitu akakificha kwa wageni wake ni bakhili, na huyo sina cha kumtetea. Ama asiyekuwa nacho akajipamba kwacho, huyo Mtume amemkemea, akakifananisha kitendo chake na kuvaa mavazi ya uwongo.

Wala si Kasanga tu. Ndugu zetu walioko Muscat wakizuriwa na jamaa wakati wa joto hupenda kuwapeleka Salalah, mwendo wa kilomita kama 1,000, wakaone manyunyu ya khareef na milima iliyogeuka kijani. Ni ardhi ya Mwenyezi Mungu, na kuitembelea pamoja na jamaa ni katika kuunga kizazi. Lakini ikiwa gari ni la mkopo, na chumba ni cha mkopo, basi yule mpwa aliyekaa kiti cha nyuma anafundishwa nini? Atarudi kwao aache masomo, amsumbue mama yake auze kiwanja apate nauli ya kumfuata mjomba. Deni la mjomba litalipwa siku moja, inshallah. Kiwanja hakirudi. Hapa ndipo ninapouona uzito wa swali lile, kwa sababu mimi pia mpwa wangu mkubwa alikwisha kuninong'oneza kuwa angependa kuhamia kwangu.

Na wewe unayezuru, usije na orodha ya vitu mkononi. Uliza kwanza kimya kimya.

Usiku ule nilimwambia dada yangu kwamba nina deni, kiasi sikukitaja. Kesho yake mke wangu alipika ugali wa ulezi na maharage, na wageni wakala wakaongeza. Siku ya saba tukaenda maporomoko ya Kalambo, penye mpaka na Zambia, mahali ambapo mto mzima hujitupa bondeni zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Gari alikodi shemeji yangu, alikataa kabisa nisitoe hata shilingi. Adhuhuri ilitukuta huko. Tukatia udhu kwa maji ya dumu, na mpwa wangu mdogo akauliza kama tutakasiri, kwa kuwa tumesafiri. Nikamjibu kuwa mwendo wenyewe ni mfupi mno. Tukasali nne, sote.

Tulipokwisha, watoto wakaenda na baba yao kutazama maji. Dada yangu alibaki ameketi juu ya mkeka, akafungua mkoba wake na kutoa kalamu.

"Haya," akasema, "wadaiwa kiasi gani?"

Nikamtajia yote.