MLANGO WA MBAO MBICHI

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ijumaa hii nawaletea swali moja: fundi akijua aibu iliyomo ndani ya kitu anachouza, na mnunuzi hakuuliza, je, ni lazima aiseme? Sitaanza na habari ya mtu mwingine. Nitaanza na nafsi yangu.

Wengi mnajua kwamba uani kwangu, hapa Katuba, nina meza ndogo ya useremala. Watoto wakimaliza darasa, huwa ninaranda kidogo. Si haya kwa mwalimu wa Qur'ani kushika randa, Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Miaka michache iliyopita, mwezi wa pili, mvua ikinyesha kila siku, nilitengeneza mlango wa mulombwa kwa ajili ya nyumba yangu. Mbao nilizinunua kando ya barabara, nazo zilikuwa mbichi. Nilijua. Ubao mbichi ni mzito, ukiuweka shavuni ni baridi, na unga wake wa msumeno hauruki, unashikana mkononi kama unga wa bukari uliomwagikiwa maji. Ulimi mmoja ulikuwa umelegea ndani ya tundu lake. Nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Mlango ukang'aa.

Jirani yetu, mama mjane, akaupenda. Akasema, "Shehe, niuzie huu." Nikamuuzia. Moyoni nilikuwa na hoja zangu: bei ni ndogo, hakuniuliza, na mafundi wengi hufanya hivyo.

Ukaja wakati wa baridi na upepo mkavu. Ubao ukikauka hupungua upana, urefu karibu haupungui. Kwa hiyo palipoungwa ndipo hufunguka. Mwezi wa nane nikapita kwake, nikaona mwanga unapenya katikati ya mlango, naye ameziba ufa kwa kitambaa. Nilipouliza, akajibu bila hasira: "Ni mapenzi ya Mungu, Shehe. Mbao ni mbao."

Ndugu zangu, neno hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Kazi ya mikono yangu ameipeleka kwa Mwenyezi Mungu, nami nikanyamaza, nikaacha ipelekwe.

Mnakumbuka Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta maji. Mwenye mali akasema ni mvua. Na pengine alisema kweli! Lakini Mtume alimuuliza kwa nini ile iliyolowana hakuiweka juu watu waione, kisha akaeleza kwamba mwenye kudanganya si mwenzake. Angalieni vizuri: hatukusimuliwa kwamba mtu yule alisema uongo, wala kwamba kuna mnunuzi aliyemuuliza. Kosa lilikuwa katika kulipanga lundo, kavu juu na mbichi chini. Vanishi yangu ndiyo ile nafaka kavu ya juu. Ndiyo maana wanachuoni wetu wamempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akigundua aibu ya zamani iliyofichika, hata kama hakuuliza.

Mafundi wataniambia: tutakula nini? Kanuni ya zamani yataka ubao wenye unene wa sentimita 2 na nusu ukae kama mwaka mzima ukikauka kivulini. Nani mwenye watoto atangoja mwaka? Hoja hii siidharau hata kidogo. Kutumia mbao mbichi kwa sababu ya umaskini si dhambi. Mwambie mtu: hizi ni mbichi, zitafunguka, ndiyo sababu bei ni hii. Akikubali, mmeuziana kitu kimoja. Asipoambiwa, wewe umeuza mlango huu na yeye amenunua mwingine.

Nilirudi kwa yule mama na fedha zake mkononi, nikamweleza yote, hata habari ya gundi. Fedha akazikataa, akasema anataka mlango. Nikauziba ule wa zamani, safari hii mbele ya macho yake, na mbao mpya nikazipanga chini ya bati mpaka kiangazi cha pili kikaisha. Siku ya kuufunga mlango nikamwonyesha kifundo kidogo kilichobaki karibu na bawaba ya chini. Akacheka: "Shehe, hata hicho?"

Wabillahi tawfiq.